Sukre ya machungwa: ipi ununue ukiwa Goma

Kama wageni wanakuja na unataka sukre, yaani soda, ya machungwa ya kuweka mezani, nunua Fanta ya chupa ya kioo. Siipi nafasi ya kwanza kwa ajili ya jina. Kioo hakipitishi gesi, lakini plastiki huivujisha polepole hata kabla haijafunguliwa, na ikianikwa juani mbele ya butiki huvuja upesi zaidi. Kwa hiyo ya kioo bado inachoma ulimi wakati ya plastiki imebaki utamu mtupu. Nenda na vidanji zako, yaani chupa tupu za kurudisha, la sivyo utalipia na chupa.

Fanta ilizaliwa Ujerumani mwaka 1940, wakati wa vita, bila chungwa ndani: walitumia masalio ya matofaa na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Ile ya machungwa ilianzia Napoli, Italia, mwaka 1955. Hata leo mchanganyiko hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo Fanta ya Bralirwa, kiwanda cha vinywaji cha Rwanda, inaweza kutofautiana na iliyotoka kwingine.

Ya pili ni Mirinda, iliyoanzia Hispania mwaka 1959. Mimi naiona tamu kupita kiasi, ila watoto huipenda sana. Soma jina lote: iliyoandikwa Fruity si ya machungwa.

Ya tatu ni yoyote ya plastiki, hata Fanta. Ibonyeze kabla ya kulipa. Ikiwa laini, gesi imepungua, irudishe. Tazama na tarehe ya mwisho.

Sukari nayo ihesabiwe, hasa kwa watoto. Karatasi ya chupa ikisema gramu 12 kwa mililita 100, chupa ya mililita 300 ina gramu 36. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku, na zikishuka chini ya 25 ni bora zaidi.

Ya mwisho ni unga wa sashe, yaani wa pakiti ndogo, unaochanganywa na maji. Ni rahisi, na sashe moja inajaza jagi, lakini usalama wake ni wa maji uliyochanganya. Goma kipindupindu hurudi mara kwa mara na familia nyingi huchota Ziwa Kivu, basi chemsha maji au tia klorini kwanza. Barafu pia: usiitie kwenye glasi ya mgeni kama hujui imegandishwa kwa maji gani. Poza chupa ikiwa imefungwa.