Mashine ndogo ya kuchongea: tazama ncha kabla ya kusoma wati

Tangu niandike kuhusu hereni za kifuu, malalamiko ya wasomaji yanafanana: "Dada, biti zinavunjika." Mmoja kanunua pakiti nzima ya biti, vile vyuma vyembamba vya kutobolea, za mili (milimita) 1, haikumaliza wiki. Mwingine anatoboa kifungo cha pembe, tundu linatoka pana na ndoano inapwaya. Wa tatu kabadilisha biti, kabadilisha na duka la biti, mwisho kaambiwa ana mkono mzito. Mkono wake hauna shida yoyote. Mashine yake inayumba ncha, na hilo muuzaji hawezi kulitaja.

Kwa hiyo sitapoteza muda kwa wati, uzito wala rangi ya mkoba. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Kuyumba hakuandikwi popote.

Biti hushikwa na koleti, kile kipande kidogo cha chuma chenye mipasuko unachokibana kwa nati. Koleti imekaa kwenye shafti, na shafti imekaa kwenye beringi. Kama tundu la koleti halikutobolewa katikati sawasawa, au beringi inacheza, ncha ya biti haitulii mahali pamoja, inachora kiduara. Ukiwa unapiga msasa hutagundua kitu. Ukifunga biti ya mili 1, hapo ndipo balaa linapoanza. Ncha ikihama katikati kwa sehemu moja ya kumi ya mili, tundu ulilotaka liwe la mili 1 linaelekea mili 1.2, na hereni haishiki tena. Biti za chuma cha kawaida huvumilia kidogo kwa sababu zinapinda. Za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, zile zenye shina la mili 3.2 zinazotumika kutobolea bodi za saketi, hazipindi, zinakatika papo hapo. Na mashine ikiwa kwenye mizunguko 30,000 kwa dakika, biti hiyo inapigwa ubavuni mara 500 kila sekunde.

Ukienda dukani, beba biti yako mwenyewe, mpya na nyoofu. Kabla hata ya umeme, shika pua ya mashine, sukuma shafti kwa kidole gumba kulia na kushoto. Ikicheza, irudishe kwenye boksi na usiendelee. Ikiwa imetulia, funga biti, sogeza kadi nyeupe karibu na ncha mpaka ubaki mwanga mwembamba katikati, halafu zungusha shafti kwa mkono, taratibu. Ule mwanga usipanuke wala kusinyaa. Mwisho omba wakuchomekee, weka mwendo wa chini kabisa, uitazame ncha. Unatakiwa uone mstari mmoja uliokatika vizuri. Ukiona ncha imenenepa kuliko biti yenyewe, au ina kivuli pembeni, inayumba.

Muuzaji atasema biti yako ndiyo imepinda. Usibishane naye. Weka alama ya kalamu kwenye nati, upande ule biti inapojitokeza zaidi. Legeza nati bila kuitoa, geuza biti nusu duara ndani ya koleti, kaza tena. Uvimbe ukihamia upande wa pili, kweli ni biti. Ukibaki palepale penye alama, ni mashine yake.

Namba moja kwangu ni Proxxon IBS/E, na sifichi kwamba naipenda. Ni chapa ya Ujerumani, wati 100 tu, na wengi wakisikia hivyo wanakunja uso. Lakini kichwa chake ni cha aluminiamu, na inakuja na koleti sita za chuma kigumu, mili 1, 1.5, 2, 2.4, 3 na 3.2, kila moja ikibana shina la saizi yake bila kulazimisha. Mwendo wake ni mizunguko 5,000 hadi 20,000 kwa dakika. Kwa pembe, kifuu na shaba nyembamba huhitaji zaidi ya hapo. Pembe ikipata moto inanuka kama nywele zilizoungua, ukingo wa tundu unaungua, na hakuna polishi itakayouficha. Ukitumia mwendo mdogo na ncha iliyotulia, unga unatoka mkavu na tundu linabaki safi. Mashine hii sijawahi kuiona kwenye rafu Kariakoo. Mwenye ndugu Ulaya amtume, umeme wao ni volti 230 kama wetu, utahitaji adapta ya plagi tu. Dada yake, FBS 240/E, badala ya koleti ina choki, kibanio cha meno kinachofunguka na kufunga, inayobana kuanzia mili 0.3 hadi 3.2, na kubadilisha biti ni haraka. Mimi kwa matundu madogo nabaki na koleti.

Namba mbili ni Foredom SR, inayotoka Bethel, Connecticut. Mota unaining'iniza juu, nguvu inashuka kwa shafti inayopinda hadi kwenye mpini mwembamba, na mwendo unaongozwa kwa pedali ya mguu. Masonara wanaijua vizuri. Kwa fundi anayechonga mpingo kutwa nzima ningemwambia aanze na hii, maana mkono haubebi mota. Agiza ya volti 230, uhakikishe kabla hujalipa. Ya 115 ukiichomeka hapa unaiunguza.

Namba tatu, Dremel 4000. Nimesema 4000, si 3000. Ya 3000 mwendo wake wa chini kabisa ni 10,000, na kwa pembe huo ni moto. Ya 4000 inaanzia 5,000 na ina wati 175. Kampuni ilianzishwa Racine, Wisconsin, mwaka 1932, na tangu 1993 iko chini ya Bosch, kwa hiyo kaboni (brashi za mota) na koleti zinapatikana. Nunua koleti zote nne, 0.8, 1.6, 2.4 na 3.2.

Za bei ya chini, Ingco, Total na wenzao, zinatosha kupiga msasa na polishi. Ikifaulu kipimo cha kadi, nunua. Zisizo na jina ziache.

Sasa wauzaji. Kuna duka nililoingia nikaomba nichomekewe, nikajibiwa "ukifungua boksi umenunua." Yaani nilipe kwanza ndipo nijue nimelipia nini! Chini ya risiti wameandika "mali ikiuzwa hairudishwi", na risiti yenyewe ina bei yake, usipoitaka unapunguziwa. Mashine za volti 120 zilizotoka Marekani zinapangwa pamoja na nyingine bila neno, mteja anaijua tofauti moshi ukishatoka. Stika ya wati 480 imebandikwa kwenye mashine ndogo kuliko ya wati 130. Halafu wanakusifia boksi la vipande mia na zaidi, na bei imepandishwa kwa ajili ya vipande hivyo, wakati diski za kukatia humo zinapasuka zikigusa shaba na mashina ya biti hayana unyoofu wowote. Fundi wa Mwenge anayeuza vinyago ili alipe ada za watoto hana hela ya kununua mara mbili.

Maduka yenye soketi juu ya kaunta yapo hapo hapo Kariakoo, wanakuacha ujaribu mpaka uridhike. Ingia humo. Na ukishachagua, chukua ileile uliyoipima, na namba yake ya utambulisho (serial number) iandikwe kwenye risiti mbele yako. Usikubali kuletewa "mpya" kutoka stoo.