Kamera ipi ununue kwa ajili ya kuigeuza iwe ya infraredi

Wengi wanaotaka kugeuza kamera ya kidijitali nyumbani ili ipige picha za infraredi, yaani kwa mwanga usioonekana kwa jicho, huanza kwa kuuliza megapikseli. Swali la kwanza liwe hili: je, kamera hii ina fleshi ndani yake? Penye fleshi pana kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, na kapasita ya fleshi hushika umeme wa karibu volti 300 hata baada ya betri kutolewa. Mpangilio wangu umeanza na swali hilo, ukafuata urahisi wa kufokasi, bei ikaja mwisho.

Kwa ambaye jambo hili ni geni kwake: sensa ya silikoni, ile sehemu ya kamera inayopokea picha, huona mwanga hadi karibu nanomita 1,100 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ilhali jicho letu huishia kwenye 700 hivi. Watengenezaji huweka mbele ya sensa kipande chembamba cha kioo kinachozuia infraredi ili rangi za kawaida zisivurugike. Kazi yetu ni kukitoa kioo hicho na kuweka kingine. Hapo majani ya mwembe yanatoka meupe, anga la buluu linakuwa jeusi, maji nayo yanakuwa meusi. Buibui jeusi la kitambaa cha viwandani mara nyingi hutoka na rangi hafifu, wala si jeusi tena. Na saa nzuri ya kupiga ni adhuhuri jua likiwaka, saa ambayo wapiga picha wengi wameshafunga mabegi yao.

Ya kwanza: Sony NEX-3 au NEX-5. Zilitoka mwaka 2010, zina megapikseli 14 na sensa kubwa ya APS-C. Hizi ni mirolesi, yaani hazina kile kioo cha kuakisi kinachoruka ndani kama cha DSLR, zile kamera za kuchungulia kwa tundu kupitia lenzi. Fleshi yake ndogo hufungwa juu, kwa nje. Ukiivua, hofu kubwa ya kufungua bodi inapungua. Zaidi ya hapo, kamera inafokasi kwa kutumia sensa yenyewe, kwa hiyo unachokiona kwenye skrini ndicho utakachokipata, hata infraredi ikifokasi mahali tofauti na mwanga wa kawaida. Lenzi za zamani za kufokasi kwa mkono nazo zinaingia kwa adapta ya bei nafuu. Ubaya wake ni nyaya bapa za ndani: ni nyembamba mno, na ukivuta kwa pupa zinachanika. Fungua taratibu, na kila hatua ipige picha kwa simu.

Ya pili: Canon EOS 450D. Ni ya mwaka 2008, ina megapikseli 12, na kwenye mitumba hupatikana kwa urahisi. Wapiga picha za nyota wamezifungua Canon za ukoo huu kwa miaka mingi, kwa hiyo maelezo ya hatua kwa hatua si haba. Nimeiweka mbele ya 350D na 400D kwa sababu moja tu: ina uwezo wa kuonyesha picha moja kwa moja kwenye skrini na kufokasi hapo. Ukitumia tundu la kuchungulia, mfumo wake wa fokasi haujui kwamba umebadilisha kioo, na picha zitatoka na ukungu. Fleshi iko ndani, kwa hiyo toa betri, subiri, kisha imalize kapasita umeme wake kwa rizista yenye kishikio kisichopitisha umeme, na uhakikishe kwa mita. Kama hujawahi kutumia mita, mpe fundi wa elektroniki sehemu hiyo.

Ya tatu: Nikon D70, bila kuifungua. Kioo chake cha kuzuia infraredi ni dhaifu, na ndiyo maana kamera hii ya 2004 bado inatafutwa. Funga filta ya Hoya R72, inayopitisha infraredi na kuzuia karibu mwanga wote wa kawaida, mbele ya lenzi, weka kamera kwenye stendi, na juani utapata picha kwa sekunde moja au chache. Fokasi kwanza, filta baadaye, maana ikishafungwa huoni kitu. Watu na matawi yanayopepea hayafai hapa, lakini majengo na mibuyu inafaa sana.

Sigma SD14 ni kisa cha pekee: kioo chake kinatolewa kwa mkono, bila kufungua bodi. Ningeiweka juu kabisa kama lenzi zake zisingekuwa adimu.

Ya mwisho: kamera ndogo za mfukoni zenye fleshi. Bei yake inavutia, lakini kapasita imebanwa pale pale vidole vinapopita. Kama unataka kitu cha kujifunzia, chukua kamera ya kompyuta ya USB: mara nyingi unazungusha lenzi tu, unaona kipande cha kioo kwa nyuma, unakitoa.

Kuhusu kioo cha kuweka, wengi hununua cha nanomita 720, yaani kinachopitisha mwanga kuanzia hapo kwenda juu, na kwa Canon nami nasema hivyo hivyo. Kwa NEX ningeweka kioo kisicho na rangi, kisha filta nikafunga mbele ya lenzi: leo 720 yenye rangi kidogo, kesho 830 ya nyeusi na nyeupe tupu. Usiache nafasi ile wazi. Kukosekana kwa kioo kunasogeza fokasi kwa karibu theluthi moja ya unene wake, na lenzi nyingi hazitafikia tena vitu vya mbali.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli, nenda na rimoti ya TV. Ielekeze kwenye lenzi, bonyeza kitufe, angalia skrini: nukta ikionekana kwa mbali sana, kioo bado kipo, iking'aa sana, huenda mtu ameshaigeuza. Lenzi nayo, ukishaigeuza kamera, ijaribu kwa f/11 na f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, kwenye ukuta wenye rangi moja. Doa jeupe la mviringo katikati ya picha lina maana lenzi hiyo haifai kwa infraredi, hata kama kwa picha za kawaida ni nzuri kupindukia.