Mombasa–Nairobi usiku kila wiki: treni ama basi?

Hii nawaandikia wenzangu ambao familia iko Mombasa na kazi iko Nairobi, yani Ijumaa unateremka, Jumapili usiku unapanda bara, na Jumatatu asubuhi unatakiwa kazini macho makavu. Wale wa likizo wapande chochote wapendacho. Lakini ukiwa ni mtu wa kila wiki mwili unaanza kukudai, mara mgongo mara miguu imevimba, na watu wakiulizana kipi bora wanaangalia nauli na masaa ya njiani tu. Mimi nasema angalia kwanza inakushusha saa ngapi na inakushusha wapi. Usafiri wa masaa matano unusu unaokumwaga usiku wa manane mahali huna pa kwenda unakuchosha zaidi kuliko wa masaa manane unaokufikisha mjini kunakaribia kupambazuka.

Haya, treni. Madaraka Express ilianza kubeba abiria Juni 2017, reli ya kama kilomita 472 kutoka stesheni ya Miritini huku Mombasa mpaka ya Syokimau nje ya mji wa Nairobi, na ile ya usiku inaondoka saa 4, iwe watoka huku au kule. Na ikisema saa 4 ni saa 4, ukifika na dakika tano utaitazama mgongo. Tangu Januari 2024 ekonomi ni shilingi 1,500 badala ya 1,000 ya zamani, daraja la kwanza 4,500 badala ya 3,000, na kwa mtu anayeenda na kurudi kila wiki hio nyongeza inauma sana, piga hesabu ya mwezi mwenyewe uone.

Siti za ekonomi ndio shida yake. Watu watatu upande huu, wawili upande ule, mnakaa mkitazamana na meza ndogo katikati, na mgongo wa kiti umesimama wima haulali hata kidogo. Ukiangukia mtu mrefu mbele yako magoti yatagombana usiku kucha, wewe ukinyoosha yeye akunja, yeye akinyoosha wewe wakunja. Taa zinawaka njia nzima alafu kuna wale wa kuongea na simu mpaka Voi. Bebeni leso ya kufunika macho, na kanzu ama sweta manake ile baridi ya ndani si ya mchezo. Lakini hakuna matuta, hakuna trela linakuja mbele yako, choo kiko, na mama na mtoto wake anasafiri roho imetulia. Hilo la roho kutulia mimi nalipa uzito mkubwa sana.

Ijumaa kuteremka, treni haina mpinzani. Sababu ya kwanza ni ile jam ya Mombasa Road ya Ijumaa jioni, wanaoijua wanaijua, sasa wewe unaenda zako stesheni ya reli pale mjini Nairobi unapanda treni ndogo ya kuunganisha mpaka Syokimau, unaikwepa yote. Sababu ya pili ni hapa nyumbani. Ukishuka Miritini kwenye saa 9 unusu, saa 10 hivi, matatu na tuktuk zinakungoja nje, barabara ya Changamwe iko wazi saa hizo (mchana ungeganda hapo na malori ya bandarini), unavuka daraja la Makupa hio unaingia mtaani adhana ya alfajiri haijalia. Unaswali, unalala kitandani kwako masaa yako manne, watoto wakiamka wanakukuta. Jumamosi nzima ni yako. Basi la Ijumaa halikupi hivyo, utafika jua lishatoka na siku nusu imeenda na usingizi.

Jumapili kupanda, hapo ndio nachukua njia nyingine. Treni ileile nzuri inakutoa saa 9 unusu usiku Syokimau, kama kilomita 20 kutoka mjini, na mwenye teksi anajua huna ujanja. Wengi wanaishia kukaa kwenye vile viti vya chuma na mabegi mapajani wakingoja kukuche, watu wazima wenye vyeo vyao wanasinzia wameinamisha shingo. Umelala vibaya ndani ya treni, unakuja kulala vibaya zaidi nje yake, na ile pesa ya teksi ukiijumlisha na tiketi ushapita nauli ya basi zamani.

Kwa hivyo Jumapili mimi ni basi, tena la saa 3 usiku, la kutoka Mwembe Tayari hapa Mombasa. La mapema zaidi litakufikisha gizani vilevile kama treni, la saa 4 unusu ama saa 5 litakuingiza mji wa Mlolongo, karibu na Nairobi, pamoja na watu wote wa Kitengela na Athi River wanaoenda kazini Jumatatu. La saa 3 likienda vizuri saa 11 unusu uko mjini, matatu zishaanza, unapitia nyumbani unaoga unakunywa chai unaenda.

Barabara yenyewe ni kama kilomita 480 na si sawa kote. Kutoka Jomvu mpaka Mariakani utavumilia, malori ndio wenye njia na mizani iko hapo. Ukishapita Mackinnon Road, pale kwenye msikiti wa Sayyid Baghali ambapo madereva wengi wana imani ya kusimama wakatoa sadaka, njia inanyooka na wengi ndani wanalala. Voi mpaka Mtito Andei pori la Tsavo liko kulia na kushoto, ndovu wanavuka usiku bila taa wala honi, ndio nasema dereva wa kukimbiza hapo hatufai. Mtito ni nusu ya safari, mnashuka dakika ishirini, shuka hata kama una usingizi unyooshe miguu, chai ya maziwa na kiazi karai ukiwa na njaa, mimi nabeba mahamri yangu kutoka nyumbani. Kisha Kibwezi, Makindu, Emali, na vile vilima vya Salama ambapo mabasi na matrela yanapitana pabaya, hapo mimi silali.

Na hapa nataka mnisikize. Mwisho wa 2017 serikali ilipiga marufuku mabasi ya usiku nchi nzima baada ya ajali ya Migaa kule barabara ya Nakuru–Eldoret, yakaruhusiwa tena 2018, na hakuna anayetaka turudi kule. Gari ya abiria haitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Sasa kilomita 480 kwa mwendo wa 80 bila kusimama hata kukojoa ni masaa 6. Kampuni ikikwambia inakufikisha kwa masaa 6, ishakwambia yenyewe vile inaendesha. Kuna usiku mmoja, kampuni siitaji, dereva alikuwa peke yake kutoka Mombasa, kufika mbele ya Emali basi likaanza kuchora mstari wa pembeni, linatoka linarudi. Mzee mmoja wa siti ya mbele akainuka akaenda kukaa karibu na gia akaanza kumpigisha story, amuuliza kwao wapi, amuuliza watoto wangapi, hakumwachilia mpaka Athi River. Abiria hafai kufanya kazi hio. Sheria yasema dereva wa gari ya abiria asipite masaa 8 ya kuendesha kwa siku, safari hii peke yake inamaliza hayo masaa na foleni kidogo tu inayapitisha. Uliza ofisini kabla ya kulipa, madereva ni wawili? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, ofisi ya jirani iko hatua kumi.

Siti chukua katikati ya basi, usikae juu ya tairi wala nyuma kabisa, na chukua upande wa kushoto manake kulia ndio utapigwa na taa za malori yanayoteremka usiku kucha.

Ndege zipo na ni kama saa moja tu, lakini kila wiki kwa mshahara wa wengi wetu haiwezekani. Na zile gari ndogo za kuokota watu kando ya barabara usiku, achaneni nazo jamani, hata kama ni nusu bei.

Tiketi ya treni ya Ijumaa usingoje Alhamisi, ziwahi siku kadhaa mbele kwa kupiga *639# kwenye simu, na ufike stesheni saa nzima kabla, kuna mbwa wa kunusa mizigo na mashine za ukaguzi na foleni yake ni ndefu. Wiki ya Idi ama Krismasi mabasi yanapandisha bei vile wanataka, hapo hata Jumapili bora treni, na ile tofauti ya pesa uilipie teksi ya Syokimau mkiwa watatu wanne mnaoelekea upande mmoja.