Baiskeli ya safari ya mtumba na fundi wa Ngamiani: uzoefu wangu

Baiskeli naipa nyota nne, fundi tano. Nyota iliyopungua ni ya tairi, nitaeleza.

Ni ile aina ya safari ndefu: fremu ya chuma, matundu ya kufungia keria mbele na nyuma, friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma) ya giya saba. Niliichukua mtumba hapa Tanga kwa 170,000. Fremu haina ufa, ringi hazijapinda, basi. Rangi imechubuka vibaya na sikuigusa. Rangi haibebi mzigo.

Fundi ni mzee anayefanyia kazi kibarazani Ngamiani. Kabla hajashika spana aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akaegemeza sikio kwenye kiti. "Mwanangu, humu gololi zinasaga mchanga." Kufungua, grisi nyeusi kama lami. Gololi za robo inchi, tisa kila upande, alizitupa zote hata zilizong'aa, maana mpya ni pesa ya chai tu. Koni, vile vyuma vinavyobana gololi kwenye ekseli, alizipitishia ukucha taratibu: ukikwama, koni imekwisha. Moja ilikwama, akabadilisha.

Mnyororo tulipima kwa rula. Pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 zitoe inchi 12 kamili. Wangu ulizidi kwa moja ya nane, na ukifika hapo meno ya friwili nayo yameshalika. Ukifunga mnyororo mpya juu yake utakuwa unaruka. Nikanunua vyote viwili, roho ikiniuma. Bomba la kiti lilikuwa limeganda (alumini ndani ya chuma, na hewa yetu hii ya chumvi), likalala na mafuta usiku kucha ndipo likatoka.

Sasa tairi. Duka moja la vipuri liliniuzia "ishirini na nane", ile ya Phoenix. Ilipwaya. Ringi ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, yangu ni 622, na muuzaji akakataa katakata kurudisha pesa. Namba hiyo huandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 40-622. Soma hiyo, achana na maneno ya dukani. Tairi za 29 nazo ni 622, ila nyingi ni nene, pima kwanza nafasi kwenye uma. Mwenye baiskeli ya 26 hupata tairi kwa urahisi zaidi, ila naye asome namba, maana 26 nazo zina ringi za vipimo tofauti.

Jumla, pamoja na ufundi wa 25,000, sijafika laki tatu. Giya ndogo ya mbele bado inakwaruza. Nimeiacha, kwa sababu kutoka mjini hadi Tongoni sioni mlima wa kuidai.

Mzee hapokei simu akiwa kazini, nenda mwenyewe asubuhi. Ijumaa mchana usijisumbue, yuko msikitini.