Fimbo, Fremu au Kigari? Mwongozo wa Kumnunulia Kifaa cha Kutembelea Mzee Mwenye Maumivu ya Viungo

Wengi wanaokwenda kumnunulia mzee kifaa cha kutembelea huwaza magoti na nyonga tu, na wakisharidhika kwamba kifaa kitahimili uzito wa mwili, hulipa na kuondoka. Mkono hauulizwi, ilhali kazi ya kila kifaa cha aina hii, kuanzia fimbo ya kawaida hadi kigari cha magurudumu manne, ni kuuhamisha mzigo kutoka mguuni na kuupeleka kwenye kiganja, kifundo cha mkono, kiwiko na bega. Mwenye baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha na kuumiza viungo, mara nyingi huumwa vidole na vifundo vya mikono yote miwili, na yule ambaye gegedu la goti lake, yaani ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limesagika kwa umri huenda pia ana maumivu kwenye shina la kidole gumba, mahali hasa panapobanwa na mpini.

Kwa sababu hiyo vifaa vilivyomo humu vimepangwa kwa kufuata maswali mawili: je, kifaa kinashikika na mkono unaouma, na je, kinamwachia mzee atembee kwa nguvu zake mwenyewe kadiri inavyowezekana? Kifaa kinachobeba kuliko inavyohitajika nacho kina madhara yake, kwa kuwa misuli isiyotumika hunywea, na goti lisilo na misuli imara ya paja ya kulishikilia huuma zaidi.

Nafasi ya kwanza: fimbo moja yenye mpini mpana

Kwa mtu ambaye mguu mmoja ndio unaomsumbua zaidi, na ambaye bado anaweza kusimama bila kuyumba, hakuna kifaa kinachoishinda fimbo. Miongozo ya matibabu iliyotolewa mwaka 2019 na American College of Rheumatology, chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya viungo, pamoja na taasisi ya Arthritis Foundation inaipendekeza kwa msisitizo kwa mgonjwa ambaye kusagika kwa goti au nyonga kumeuathiri mwendo wake kwa kiasi kikubwa. Ni nyepesi, inaingia kila mahali, na haimwondolei mtu kazi ya kutembea.

Fimbo hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mgonjwa, nayo hutangulizwa pamoja na mguu huo. Wazee wengi hufanya kinyume chake, na ukiwaangalia utaona bega limepanda na mwili umeinamia palepale panapouma. Sababu ya kanuni hii ni ya kimaumbile: mtu anapokanyaga kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga hulazimika kuvuta kwa nguvu ili kiuno kisiinamie upande wa pili, na mvuto huo ukijumlishwa na uzito wa mwili, kiungo cha nyonga hubeba takriban mara 2.5 hadi 3 ya uzito wa mtu huyo. Fimbo iliyo upande wa pili iko mbali na kiungo hicho, hivyo msukumo mdogo tu wa mkono unatosha kuipunguzia misuli ile sehemu kubwa ya kazi yake.

Mpini ndio unaostahili muda wako dukani. Mpini uliopinda kama ndoano hupendwa kwa sababu unaning'inizwa mkononi mtu anapotafuta pesa au funguo, lakini kwa kawaida ni mwembamba na wa mviringo, na uzito wote huangukia sehemu ndogo ya kiganja. Mpini ulionyooka kwa ubapa, unaokutana na fimbo kwa umbo la herufi T, ni bora zaidi. Ulio bora kupita yote kwa mkono unaouma ni ule uliochongwa kufuata umbo la kiganja, mpana upande wa nyuma, unaouacha mzigo utandae badala ya kukusanyika pamoja. Uangalie vizuri kabla ya kulipa, kwani wa mkono wa kulia haumfai anayeshika kwa mkono wa kushoto. Mwombe mzee aushike, kisha utazame vidole vyake: ncha za vidole zikigusa au kuchimba kiganja, mpini ni mwembamba mno, na atalazimika kukaza ngumi kila hatua. Mpini mwembamba unaweza kuvishwa sponji ya kubana, na hilo ni jambo la gharama ndogo kuliko kununua fimbo nyingine.

Urefu hupimwa mzee akiwa amesimama wima, amevaa viatu anavyovaa siku zote, mikono ikining'inia bila kukazwa. Sehemu ya juu ya mpini inapaswa kufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, na akiushika, kiwiko kikunjike kidogo, kati ya nyuzi 15 na 30. Fimbo ndefu mno humpandisha bega, fupi mno humwinamisha mgongo. Za alumini zenye matundu na kitufe hurekebishwa kwa hatua ndogo na ndizo ninazozipendekeza kwa anayeanza. Ya mbao ni nzuri na haipigi kelele, ila ikishakatwa haiongezeki. Zile zinazokunjwa vipande vipande zinafaa kwa safari, lakini zijaribu kwa kuzikandamiza chini kwa nguvu: zikicheza kwenye maungio, ziache.

Mpira wa chini ya fimbo husahaulika, ingawa ndio unaogusa ardhi. Uwe mpana, laini kiasi, na wenye mifereji iliyo wazi. Ukigeuza fimbo na kuona mpira umelika upande mmoja au mifereji imetoweka, badilisha siku hiyohiyo. Chukua kipenyo cha ncha ya fimbo kabla ya kwenda kununua mwingine, kwa sababu ukubwa hutofautiana na mpira uliolegea ni hatari kuliko ulioisha. Kwenye ngazi, mguu usiouma hutangulia kupanda, na wakati wa kushuka hutangulia fimbo pamoja na mguu mgonjwa, huku mkono mwingine ukiwa kwenye reli pale ilipo.

Nafasi ya pili: kigari cha magurudumu manne

Kigari hiki chenye breki, kiti cha kupumzikia na mara nyingi kikapu, kilibuniwa na Aina Wifalk, mwanamke wa Sweden aliyekuwa ameugua polio, mwaka 1978, na inaonekana wazi kwamba aliyekibuni alijua kuchoka ni nini. Mzee ambaye miguu yote miwili inauma, au anayeishiwa na nguvu kabla ya kufika aendako, hupata nacho kitu ambacho fimbo haiwezi kumpa: mahali pa kukaa njiani. Kwa watu wengi hicho kiti ndicho kinachoamua kama watatoka nje au watabaki ndani.

Nakiweka nafasi ya pili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hakikuundwa kuegemewa kwa uzito mkubwa. Anayelalia mikono yake juu yake atakiona kinamkimbia. Ya pili ni breki. Breki nyingi hubanwa kwa vidole kama za baiskeli, na mkono wenye baridi yabisi huenda usiweze kuzibana kwa wakati. Dukani, mwambie mzee azibane mara kadhaa mfululizo, kisha azifunge na kuzifungua, huku ukimtazama usoni zaidi ya kumsikiliza, kwa kuwa wazee wengi husema "inatosha" ili wasimchoshe aliyewaleta. Akishindwa, ulizia kigari ambacho breki zake hufanya kazi kwa kukandamizwa chini na uzito wa mwili, ila hicho pia kinahitaji kujaribiwa.

Magurudumu yawe makubwa kama njia ni ya mawe au mchanga. Ya sentimita 20 hivi huvuka vikwazo ambavyo madogo hukwama na kumtupa mtu mbele. Pima upana wa mlango mwembamba kuliko yote nyumbani, ukiwamo wa choo, kabla hujatoka kwenda kununua. Kigari kiwe chepesi kiasi kwamba anayekiinua kukiweka garini anaweza kukiinua bila msaada. Mtumiaji hutembea akiwa katikati ya magurudumu ya nyuma, si nyuma yake akikisukuma kwa mikono iliyonyooshwa, na hakai kabla breki hazijafungwa. Kumsukuma mtu aliyekaa juu ya kiti hicho ni kosa la kawaida sana, nalo huangusha.

Nafasi ya tatu: fremu ya kutembelea

Fremu ya miguu minne ndiyo imara kuliko vyote kwa anayehitaji kuegemea kwa uzito mkubwa, hasa baada ya upasuaji wa nyonga au goti. Tatizo lake kwa mgonjwa wa viungo ni kwamba isiyo na magurudumu lazima inyanyuliwe kila hatua, na kunyanyua huko huchosha mabega na vifundo vya mikono. Yenye magurudumu mawili mbele husukumwa badala ya kunyanyuliwa, nayo ndiyo ningeinunua, isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa fiziotherapia ameagiza vingine. Ni kifaa cha ndani na cha sakafu iliyosawazishwa. Kwenye ngazi hakisaidii.

Nafasi ya nne: magongo

Magongo ya kwapani simshauri mzee kuyanunua kwa matumizi ya muda mrefu. Watu huyaegemea kwapa badala ya mikono, na kubanwa kwa neva za kwapani kunaweza kuuletea mkono ganzi na udhaifu. Ya kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo), yenye pete inayouzunguka mkono chini ya kiwiko, ni bora, lakini bado yanategemea kifundo cha mkono. Ipo aina moja ambayo kwa wagonjwa fulani ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza: gongo lenye mfereji wenye sponji ambamo kigasha kizima hulazwa, kiwiko kikiwa kimekunjwa, kiasi kwamba mzigo haupiti kabisa kwenye vidole wala kifundo. Mwenye baridi yabisi iliyoikunja mikono yake na aulizie hilo kwanza. Kuna pia fremu na vigari vilivyofungwa mifereji kama hiyo.

Nafasi ya tano: fimbo ya miguu minne

Hununuliwa sana kwa sababu inasimama yenyewe na inaonekana imara. Uimara huo upo tu pale miguu yote minne inapokanyaga chini kwa pamoja. Kwenye ardhi yenye mabonde hutikisika, na anayetembea haraka huikuta imetua miguu miwili tu. Ni nzito kuliko fimbo ya kawaida, na kwenye ngazi nyembamba haienei. Inamfaa zaidi aliyepooza upande mmoja kuliko mwenye maumivu ya goti.

Nafasi ya sita: kiti cha magurudumu

Kukiweka mwisho si kukidharau. Kwa safari ndefu, au siku ambazo viungo vimevimba, kiti humwezesha mzee kufika mahali ambapo vinginevyo asingefika, na kumnyima kwa kuogopa kwamba atazoea kukaa ni ukatili. Lakini kikigeuka kuwa kiti cha kutwa nzima bila sababu, viungo hukakamaa na mapaja hupoteza nguvu. Kabla ya kununua, jiulize nani atakisukuma: kuzungusha magurudumu makubwa kwa vidole vilivyokunjamana ni kazi ngumu, na pengine kinachotakiwa ni kile chepesi cha kusukumwa na mwingine. Upana wa kiti uache nafasi ya sentimita 2 au 3 kila upande wa nyonga.

Vitu vya kutolipia

Bangili za shaba na mikanda ya sumaku zimejaribiwa kwa wagonjwa na hazikuonyesha faida ya maana ya kupunguza maumivu. Miongozo niliyoitaja ya mwaka 2019 inakataza kwa msisitizo matumizi ya glukosamini kwa goti na nyonga zilizosagika, ingawa chupa zake bado zinauzwa kwa bei kubwa. Fedha hiyo ingeleta nafuu zaidi kwenye viatu vyenye soli isiyoteleza na visivyobana, vyuma vya kushikia bafuni, na kiti cha choo kilichoinuliwa, kwa kuwa kuinuka kutoka mahali pa chini ni moja ya kazi zinazoliumiza goti kuliko kutembea kwenyewe. Mazoezi hayauzwi, lakini ndiyo yanayotajwa mwanzo na kila mwongozo, pamoja na kupunguza uzito kwa aliyenenepa: kila kilo moja iliyopungua mwilini hupunguza takriban kilo nne za mzigo unaoliangukia goti kwa kila hatua.

Kabla ya kulipa

Mzee aende mwenyewe dukani, au kifaa kiletwe nyumbani kwa masharti ya kurudishwa. Kinunuliwe saa ambayo viungo vyake viko vibaya, na kwa wengi hiyo ni asubuhi, maana mkono uliolegea mchana utashika chochote. Soma uzito wa juu ulioandikwa kwenye kifaa na uulinganishe na wa mtumiaji. Vigari na fremu vilivyotengenezwa kwa kufuata kipimo cha ISO 11199 cha shirika la kimataifa la viwango, na magongo ya kigasha na fimbo za miguu mitatu au zaidi cha ISO 11334, vimepimwa uimara wake. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha uzito wa juu wala kipimo chochote amekupa sababu ya kutosha ya kutafuta duka jingine.

Kifaa kilichotumika si kibaya, mradi ukikague. Pitisha kidole kwenye matundu ya kurekebishia urefu uone kama yamepanuka kuwa duaradufu, kwa maana kitufe kitachomoka siku moja mtu akiwa ameegemea. Funga breki za kigari na ukisukume kwa nguvu. Gurudumu likizunguka, waya umelegea au breki imelika, na kama muuzaji hawezi kuitengeneza papo hapo, usikichukue. Mipira ya chini ibadilishwe yote bila kujali inavyoonekana.