Keteringi ya komunyo Tabata: Muislamu, Mlutheri, Mlokole na Msabato wote tulikula

Habarini wapendwa. Naomba niandike ndefu kidogo maana kila siku watu wanauliza keteringi nzuri Dar na wanachojibiwa ni mapicha ya hotpoti zinazong'aa, hakuna anayesema nyama ilitoka wapi, nani alichinja, na wageni waliokaa kula walikuwa watu gani. Mimi ni Muislamu, Mzaramo wa hapa hapa mjini, na huyu mpishi nimemjua kupitia komunyo ya kwanza ya binti wa jirani yangu, Juni 2025, ile Jumapili ya sikukuu ya Ekaristi ambayo ukipita Tabata kila mtaa una hema na vitoto vya magauni meupe.

Mwenye kazi ni mama wa Kikatoliki, anapika na kina mama wenzake wa jumuiya. Hana ofisi wala ukurasa Instagram, na jina lake siliweki hapa kwa sababu sijamuomba ruhusa, ila kina mama wa parokia za ukanda huu wanamjua, ukiuliza utaonyeshwa.

Sasa ili mwelewe kwanini namsifia inabidi mjue familia yenyewe. Baba wa mtoto ni Mchagga wa Kibosho, kule mlima Kilimanjaro, Mkatoliki toka tumboni. Mama wa mtoto ni wa Machame, Mlutheri. Wachagga hili wanalijua vizuri, wamisionari wa Kikatoliki walianzia Kilema wakaenda Kibosho, Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani wakafungua Machame mwaka 1893, basi mpaka leo ukitajiwa mtu katoka wapi mlimani unaweza kukisia anasali wapi. Kwa hiyo hata ukituondoa sisi majirani Waislamu, ukoo wenyewe umechanganyika: bibi upande wa mama Lutheri, shangazi mmoja kaokoka, mjomba mmoja Msabato. Juu ya hapo kuna rafiki wa baba wa kazini, Mhindi wa Upanga, nyama hagusi kabisa. Mpishi wa kawaida hapo anakupikia pilau ya ng'ombe na kuku wa kukaanga, anakuletea risiti, kwaheri.

Huyu mama alikuja kwenye kikao cha kamati na daftari. Mimi nilikuwa kwenye kamati, ndo mambo ya ujirani. Swali lake la kwanza halikuwa bajeti, aliuliza wageni Waislamu ni wangapi, na je ni wale wanaokaa meza moja na bia au wanataka hema la pembeni? Kikao kizima kikanyamaza, watu wakanigeukia mimi. Nikamwambia mama, wengine hawajali wengine wanajali sana, baba yangu mdogo akiona chupa mezani anaondoka na haagi. Akaandika.

Mbuzi walitoka mnada wa Pugu wakachinjwa machinjio ya Vingunguti, kuku walitoka soko la Shekilango, na kote aliyeshika kisu ni Muislamu. Najua mtasema hiyo Dar ni kawaida, na kweli ni kawaida, marehemu baba alikuwa anagongewa asubuhi ya Krismasi na majirani Wakatoliki wameshika majogoo wawachinjie ili mchana tule wote. Lakini huyu hakusema tu "msijali ni halali". Alinipigia jioni ya kuamkia sherehe akaniambia mama, kesho alfajiri nakwenda Shekilango, twende uone kwa macho yako, sitaki ukae kwenye shughuli ya mwenzio unajiuliza moyoni. Nilienda. Kuku mmoja mmoja, bismillah inasikika, mchinjaji anasubiri damu iishe ndo anaingiza kwenye maji ya moto.

Kitimoto, yaani nguruwe, ilikuwepo, siwezi kudanganya, sherehe ya Kichagga na wajomba wamesafiri na mabasi kutoka Moshi. Ila ilipikwa na kijana mwingine kabisa, jiko lake nje ya geti, sufuria zake, mafuta yake, beseni lake la kuoshea. Meza yake ilikuwa nyuma kule kwenye bia na mbege, ile pombe ya ndizi. Na sahani! Kule za bluu, kwetu nyeupe, ili mtu akitoka kule na sahani yake akija kwenye bufee kuu aonekane hapo hapo, na kweli mjomba mmoja alikuja na ya bluu, dada wa bufee akampokea kwa adabu "shikamoo baba, naomba nikubadilishie sahani" akampa nyeupe. Hakukuwa na kelele wala aibu, watu wengi hata hawakuona. Mimi niliona na niliguswa sana, kwa sababu hiyo heshima tulifanyiwa tukiwa hatuangalii. Hata ndafu, yule mbuzi mzima anayekatwa mbele ya wageni, alichinjwa kihalali ili na sisi tuitwe kulishwa kama watu wa nyumbani.

Chakula chenyewe sasa. Pilau kavu, kila punje peke yake, binzari nyembamba imekaa sawa haijazidi. Ndizi nyama wamepika wa Kibosho wenyewe, laini mpaka nikarudia. Kuku wa nazi alikuwa wa kawaida, nazi imechujwa mara nyingi, sisi watu wa pwani hapo hutudanganyi. Bei elfu 15 kwa kichwa bila vinywaji, kwa ubora ule ni bei nzuri.

Kasoro zipo. Soda zilikuwa vuguvugu. Chakula kilichelewa, ingawa misa nayo ilikuwa ndefu, watoto walikuwa wengi. Kasoro kubwa ni kwa wasiokula nyama: mjomba Msabato yeye nyama anaacha kabisa, sio nguruwe tu, na yule ndugu wa Upanga pia, wote wawili wakaishia wali mweupe, maharage na mchicha wakati pilau na ndizi zote zina nyama ndani. Mtu aliyefikiria mpaka rangi za sahani asingeshindwa kutenga sufuria ndogo ya pilau ya njegere. Nilimwambia palepale, akaomba radhi kwao mwenyewe, akaandika kwenye lile daftari.

Kitu kingine alichofanya ambacho hakimo kwenye oda yoyote. Asubuhi misani mtoto alivyokwenda kupokea, baba yake alikwenda naye, mama yake alibaki kwenye benchi, kwa sababu Mlutheri hapokei komunyo kwa Wakatoliki, ndo sheria yao. Sisi Waislamu tulikuwa tumekaa naye. Sitaki kuwasemea Wakatoliki kuhusu sheria za kanisa lao, ila yule mama liliniuma kwa niaba yake. Mpishi alikuwepo misani, aliliona. Mchana keki ilipoletwa alikwenda kumnong'oneza MC, na mtoto akaitwa amlishe mama yake kwanza kabla ya baba, kabla ya msimamizi, kabla ya padri. Bibi wa Machame alipiga kigelegele ambacho nadhani Segerea walisikia.

Na sababu watu walikaa kwa amani wakashiba, maneno yalitoka. Shangazi aliyeokoka alimuuliza katekista mezani, hivi ninyi mbona mnapigia magoti sanamu? Katekista, mzee mtaratibu, akamjibu mwanangu, wewe picha ya marehemu mama yako umeitundika sebuleni, unaiabudu? Tunamheshimu aliyechorwa. Shangazi hakukubali, akamwambia picha ya mama siiombi kitu, wakavutana kidogo, ila akamuongezea mzee juisi kwenye glasi.

Mimi nilisema sisi Bi Mariam tunamuheshimu, sura ya 19 ya Qurani ina jina lake, na binti alivyonionyesha rozari yake mpya nilimtolea tasbihi yangu kwenye mkoba tukahesabu wote, yeye makumi yake matano, mimi thelathini na tatu zangu. Katekista akafurahi akasema na Kanisa lilishaandika hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tamko la Oktoba 28, 1965, kwamba Waislamu wanaheshimiwa na kwamba wanamheshimu Maria. Mimi nilikuwa sijui kama iko kwenye maandishi.

Baba mdogo yeye hakuja kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema wazi, sisi wazee wa Kiislamu tuna la moyoni, shule nzuri zilikuwa za misheni, wazazi waliogopa watoto wetu watabatizwa kwa hiyo hawakwenda, na hata mwaka 1992 serikali ikaja kuwekeana makubaliano na makanisa kuhusu hospitali na mashule, sisi je? Baba wa mtoto alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema mzee wangu, hilo la shule ni kweli kabisa, hata Nyerere aliliona, ndo maana mwaka 1969 ikatungwa sheria serikali ikachukua shule za madhehebu, hata shule ya Pugu alipokuwa anafundisha yeye mwenyewe ikachukuliwa. Baba mdogo akamjibu na huyo Nyerere wenu alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya chama cha TANU, nani alimpokea Kariakoo? Familia ya kina Sykes, Waislamu. Watu wote mezani wakasema kweli mzee. Halikuisha pale, na sidhani linaishia kwenye sherehe ya mtoto, lakini lilisemwa Mkatoliki akiwa amekaa mbele yetu, huku anampakulia mzee ndizi. Nimekaa na Wakatoliki miaka mingi na hili ndo ninalowapendea hawa wa mtaani kwetu, hawanigongei mlango na vipeperushi, wala hawajifanyi hatuna tofauti.

Jambo la mwisho kwa wanaofikiria kumuita. Kwaresma na Ramadhani anazijua. Machi 2025 zilivyoangukia mwezi mmoja, alipata oda ya futari kwa wafanyakazi mchanganyiko siku ya Ijumaa, na Wakatoliki Ijumaa za Kwaresma hawali nyama, basi akaweka samaki wa kupaka kutoka soko la Feri, mihogo ya nazi, tambi na uji wa pilipili manga, wote wakala chungu kimoja magharibi ilipoingia.

Anachukua nusu ya pesa kabla, iliyobaki siku ya shughuli asubuhi, vyombo na hema ni juu yako. Mpe taarifa mapema hasa Juni na Desemba maana anajaa. Mwambie wageni wako ni watu gani na usione aibu kutaja dini zao, anauliza vizuri. Nampa nne na nusu kati ya tano, nusu iliyobaki ni ya mjomba Msabato. Mimi mwenyewe nimeshamuita kwa akika ya mjukuu, na kwenye oda kipengele cha kwanza ni pilau ya njegere.