Uteuzi wa Mabaraza ya Vyuo Vikuu vya Umma Kenya: Tathmini ya Utaratibu Unaoanza Wazi na Kuishia Faraghani

Kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, baraza la chuo kikuu cha umma nchini Kenya lina watu 9: mwenyekiti, katibu wa wizara inayosimamia elimu ya vyuo vikuu, katibu wa wizara ya fedha, wanachama 5 wanaoteuliwa na Waziri wa Elimu kupitia utaratibu ulio wazi, na Naibu Chansela, yaani mtendaji mkuu wa chuo, anayeingia kwa wadhifa wake. Hao ndio wanaosimamia fedha, mali na wafanyakazi wa chuo. Njia ya kuwapata ni huduma ya serikali kama nyingine, na umma una haki ya kuipima. Mimi naipima kwa swali moja: je, mwombaji asiyejuana na yeyote wizarani anaweza kuona jinsi uamuzi ulivyofikiwa?

Mwanzo wake unaridhisha. Nafasi zinapotangazwa magazetini, sifa zinazohitajika huelezwa kwa lugha inayoeleweka, na kama ilivyo kwa nafasi nyingi za umma, mwombaji hutakiwa kuleta vyeti vya uadilifu, kikiwemo cha kuthibitisha kwamba amelipa kodi na cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Wapo wanaolalamikia usumbufu wa kuzunguka ofisi hizo zote. Sikubaliani nao, kwa sababu mtu aliyekwepa kurejesha mkopo uliomsomesha hafai kukabidhiwa hazina ya chuo kinachowategemea wanafunzi wa mikopo hiyo hiyo.

Kasoro huanza maombi yakishapokelewa. Sheria inataja utaratibu ulio wazi bila kueleza hatua zake, na pengo hilo dogo la maneno limekuwa pana katika utekelezaji. Nani aliyafanyia maombi mchujo, kwa vigezo gani, na kwa nini huyu akapita na yule akaachwa? Majibu hayatolewi. Kinachomfikia mwananchi ni tangazo katika gazeti rasmi la serikali lenye majina ya walioteuliwa na muda wa kuhudumu, na mara nyingine sentensi moja inayobatilisha uteuzi wa waliotangulia, pasipo sababu yoyote. Isitoshe, neno la uwazi limefungamanishwa na zile nafasi 5 tu. Mwenyekiti, mwenye sauti kubwa kuliko wote, hakuwekewa sharti hilo.

Haiwezi kusemwa kwamba uwazi zaidi hauwezekani. Tume ya Utumishi wa Umma iliposhughulikia usaili wa manaibu chansela wa vyuo kadhaa, ilichapisha majina ya walioitwa pamoja na tarehe zao, na kuwaalika wananchi watoe taarifa walizo nazo kuwahusu. Ikiwa mtendaji mkuu wa chuo anaweza kupatikana hivyo, haieleweki kwa nini wale wanaomsimamia wapatikane kwa siri.

Madhara ya kumpa mtu mmoja mamlaka ya kuweka na kuondoa yalionekana Januari 2020, Waziri wa Elimu alipobatilisha uteuzi wa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kulivunja baraza lake, hatua ambayo mahakama iliisimamisha. Wakati huo chuo kikongwe kuliko vyote nchini kilikuwa na mvutano juu ya nani hasa anakiongoza. Baraza linalojua kwamba laweza kuvunjwa kwa tangazo moja haliwezi kumkatalia Waziri jambo bila woga.

Nchi nyingine zimelizuia tatizo hili kwa njia tofauti. Sheria ya Elimu ya Juu ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 inamruhusu waziri kuteua watu wasiozidi 5 katika baraza, inataka angalau asilimia 60 ya wanachama wasiwe wafanyakazi wala wanafunzi wa chuo, na bado inawatengea makundi hayo mawili viti. Katika Chuo Kikuu cha California nchini Marekani, gavana wa jimbo huteua wanachama 18 kati ya 26, lakini kila mmoja hukaa miaka 12, muda unaozidi vipindi viwili vya gavana mwenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, nchini humo humo, wapigakura wa jimbo zima huchagua wanachama 8 wa baraza. Mfumo huo siutamani, maana wagombea hupitia vyama vya siasa, na sisi siasa tunazo za kutosha chuoni.

Wa Afrika Kusini ndio ningeuchukua, hasa kwa sababu ya viti vya wahadhiri na wanafunzi, ambao sheria yetu ya 2012 haikuwataja kabisa katika orodha ya wanachama. Mhadhiri anayejua kwamba maabara haina kemikali angefaa kuwamo bajeti inapopitishwa.

Kwa sasa utaratibu huu naupa alama nzuri kwa tangazo na masharti ya uadilifu, na alama ya kufeli kwa yote yanayofuata. Anayekusudia kuomba nafasi asisite kwa sababu hiyo. Ahifadhi nakala za kila alichowasilisha, na akiachwa bila maelezo aandike barua ya kuomba kumbukumbu za mchujo chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu.